Mafla ya boti ya tanga inavuja? Mwongozo kamili wa kuibadilisha isivuje tena

Swali linarudi kila mara: mafla ilikuwa inavuja, nimeitoa nimeweka mpya, msimu haujaisha ngamani (chini kabisa ndani ya boti) kuna maji meusi tena, shida ni nini? Jibu karibu kila mara ni lile lile. Kilichobadilishwa ni boksi peke yake, na boksi ni pale shida inapojitokeza tu, sio pale inapoanzia.

Mwongozo huu ni wa boti ya tanga ya zamani yenye dizeli ndogo ndani, Yanmar za GM, Volvo Penta, Bukh, Perkins na ndugu zao, zile unazoziona zimetia nanga Kilifi, Mtwapa, Tanga mpaka Msasani, ambazo moshi wake unatoka pamoja na maji ya bahari.

Elewa kitu kimoja kabla hujashika spana

Pampu inavuta maji ya bahari, yanapoza injini, afu yanamwagwa ndani ya moshi kwenye elbo ya kuchanganyia. Mchanganyiko wa moshi na maji unashuka kwenye mafla, na presha ya moshi inayasukuma yale maji kupanda hosi mpaka kwenye ile kona ya juu wanayoiita gusneki, halafu yanateremka kutoka nje kwa tezi, yaani nyuma ya boti.

Ukizima injini presha inakufa, na maji yaliyokuwa yanapanda kwenye hosi yanarudi yote kwenye mafla. Yasipopata nafasi ya kutosha humo yanaendelea kupanda kurudi kwenye elbo, na kutoka elbo kuingia kwenye silinda ni hatua fupi sana. Kwa hiyo mafla ya boti kazi yake sio kupunguza kelele tu, ni tangi linaloilinda injini isinywe maji ya chumvi. Ndio maana mafla ya gari haifai, na ndio maana ukubwa ni lazima upimwe, usikadirie kwa macho.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

Kusanya vyote kabla ya kufungua kitu, maana boti yenye tundu wazi kwenye tezi si ya kuiacha ukaenda mjini kutafuta klipu.

- Mafla mpya ya kulala maji, ya plastiki maalum, ya faiba au ya raba. Usiinunue kabla ya kumaliza hatua ya 2.
- Hosi ya ekzosi ya maji yenye waya ndani, iliyoandikwa SAE J2006 ubavuni, yaani kiwango cha hosi za ekzosi ya boti. Hosi ya kunyonyea maji taka au ile ya rejeta ya lori haistahimili joto na masizi, hata kama unene ni sawa.
- Klipu za chuma cha pua 316, pana, nne kwa kila hosi maana kila ncha inabeba mbili. Beba sumaku ndogo dukani, igusishe kwenye skrubu ya klipu na sio kwenye mkanda tu, kwa sababu klipu nyingi mkanda ni chuma cha pua na skrubu ni chuma cha kawaida kitakachooza kabla ya kingine chote.
- Gaskiti ya elbo, na elbo yenyewe kama yako ni ya zamani.
- Impela (kigurudumu chenye mabawa ya raba) ya pampu ya maji ya bahari, ya akiba.
- Kisu kikali cha kapeti, msumeno wa chuma wa meno madogo, plaizi ya kukatia, bisibisi na soketi za klipu, tepu ya kupimia, kalamu ya maka.
- Ndoo mbili, birika la maji moto, sabuni ya vyombo, matambara, karatasi ya chooni.
- Kizibo cha mti kinachoingia kwenye tundu la ekzosi la tezi.
- Plaiwudi ya marini na mikanda ya kufungia mafla.
- Alamu ya kaboni monoksaidi ya kuweka kabini. Hii sio ya hiari. Moshi unaovuja chini ya ngazi unaingia walipolala watu, na kaboni monoksaidi iliyomo haina rangi wala harufu.

Kuhusu kumpa fundi wa kuchomelea akutengenezee mafla ya chuma: mafundi wetu wana mikono mizuri sana, lakini tatizo liko kwenye chuma. Cha kawaida kinaoza upesi. Cha pua kinadumu kidogo zaidi, halafu kinatoboka pembeni mwa welding, kwa sababu maji ya chumvi yaliyotulia, yenye joto na yenye asidi ya salfa ya dizeli, ndicho kitu chuma cha pua kisichoweza kukivumilia. Mafla nyingi za zamani zinazovuja leo ni hizo hizo za chuma cha pua.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachovuja ni mafla kweli

Kausha kila kitu, chini ya injini, juu ya mafla, chini yake, hosi zote. Zungushia karatasi ya chooni kwenye kila maungio na utandike nyingine chini ya boksi. Washa injini, iache dakika kumi, kisha pita na tochi.

Karatasi iliyolowa itakuonyesha mahali, na rangi itakuambia ni nini. Maji safi yenye chumvi bila weusi yanatoka kwenye pampu au hosi iliyo kabla ya elbo, hapo mafla haina kosa. Maji yenye masizi yametoka baada ya elbo.

Angalia pia yanavuja lini. Kama yanatoka injini ikiwaka tu na ukizima yanakata, ufa uko juu, au ni klipu. Kama yanaendelea kudondoka na injini imezimwa, tundu liko chini ya kimo cha maji yaliyolala.

Sasa isogelee mafla yenyewe. Ya chuma cha pua, tafuta kidoti cheusi kwenye mshono kilichozungukwa na chumvi nyeupe kama sukari, kikwangue kwa ncha ya bisibisi na mara nyingi kitafunguka mbele yako. Ya faiba, tazama shingo inapotokea mwilini: ufa mwembamba wa duara hapo una maana hosi nzito ilikuwa inaning'inia bila kushikwa na kitu, ikaitingisha shingo mpaka ikachoka. Ya plastiki, pitisha vidole kwenye mdomo wa kuingilia, ukiona umepinda au umevimba ujue iliwahi kupigwa na moshi mkavu, yaani maji yalikata. Hiyo ya mwisho usiipite hivi hivi. Ukiweka mafla mpya bila kujua maji yalikata kwa nini, unaichoma na hiyo.

Umefaulu hapa kama unaweza kuweka kidole mahali pamoja ukasema ni hapa, na sababu ni hii.

Hatua ya 2: Pima, hapa ndo wengi wanakosea

Watu wanatoa mafla ya zamani, wanaenda dukani na picha kwenye simu, wanarudi na inayofanana. Lakini hiyo ya zamani nani alikwambia ilikuwa sahihi? Boti ya miaka 30 au 40 imeshabadilishwa injini, imeshapita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja aliweka alichopata.

Pima kipenyo cha ndani cha hosi, kisha urefu wa hosi kutoka mafla mpaka kilele cha gusneki. Hosi ya 40 mm inabeba kama lita 1.25 kwa kila mita, ya 45 mm kama lita 1.6, ya 51 mm kama lita 2. Ukiwa na mita 2 za hosi ya 51 mm zinazopanda, hesabu lita 4 zinazorudi ukizima. Wakati injini inatembea hosi haijajaa maji matupu, ni maji na moshi, ila hesabu kama imejaa, hiyo ziada ndiyo usalama wako.

Mafla iweze kumeza kiasi hicho juu ya maji ambayo tayari yamelala humo, na bado yasifike kwenye mdomo wa kuingilia. Lita zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za mafla nzima mpaka juu, wewe unachotaka ni nafasi iliyo chini ya ule mdomo, kwa hiyo uliza au ipime kwa kumimina maji.

Kisha pima kimo. Mafla ikae chini ya elbo, na hosi kati yao iteremke moja kwa moja bila kuinama popote na kutengeneza bonde. Ukipata sentimita 30 za kushuka uko vizuri. Kutoka mafla kwenda gusneki usipandishe kupita kiasi, mita moja na kidogo inatosha, kwa sababu kila mita ya maji ni presha inayorudi kwenye injini, na kitabu cha injini yako kina kikomo chake.

La mwisho, maji yanaingilia wapi kwenye elbo ukilinganisha na mstari wa maji nje. Kama ni chini ya mstari, au juu yake kwa chini ya sentimita 15, ni lazima kuwe na hosi inayopanda juu yenye valvu ya kuingiza hewa kileleni, ile antisaifoni. Bila hiyo, injini ikizimwa bahari inaweza kuendelea kujivuta yenyewe kupitia pampu mpaka ijaze mafla na injini. Kama unayo ifungue uisafishe, chumvi inaigandisha na ikishaganda ni sawa na haipo.

Andika namba zote. Ukiwa na karatasi yenye kipenyo, urefu, lita na vimo, sasa nenda kanunue.

Hatua ya 3: Funga bahari, toa maji

Funga valvu ya maji ya bahari inayopeleka kwenye injini. Halafu nenda tezi utazame tundu la ekzosi liko juu ya maji kiasi gani. Kumbuka watu wawili watatu wakikaa nyuma tezi inazama, na tundu lililokuwa juu linakunywa maji, na wewe umeshafungua hosi. Gonga kizibo cha mti kwanza.

Injini iwe baridi. Weka ndoo, fungua kizibo cha chini cha mafla, acha yashuke. Ni machafu, yana masizi na mafuta, usiyamwage kwenye ghuba, wenzako wanavua hapo na watoto wanaogelea.

Pima lita zilizotoka, utazihitaji kwenye hatua ya 8.

Hatua ya 4: Toa hosi bila kuvunja

Hosi iliyokaa miaka imeng'ang'ania. Kuichokonoa na bisibisi bapa ndiyo njia ya haraka ya kupasua shingo ya faiba au kukwaruza elbo, na mkwaruzo huo utavuja hata na hosi mpya.

Kama hosi unaitupa, na mimi nakushauri uitupe, ichane kwa urefu na kisu, upige chale ya juu juu mpaka ukutane na waya, ukate waya kwa plaizi moja moja, afu uifungue kama ganda la muhogo. Kama unaibakisha, mimina maji moto ya birika juu ya maungio, subiri kidogo, zungusha kwanza kushoto na kulia, ndipo uvute.

Kuna jambo linauma kuona: hosi za zamani zinaachwa kwa sababu kwa nje zinang'aa. Ibonyeze kwa nguvu. Ikisikika inakatika ndani, au ikibaki na bonde, tabaka la ndani limeachana, na linaweza kulala ndani na kuziba njia ya moshi huku nje huoni kitu.

Hatua ya 5: Elbo, usiiruke

Fungua elbo utazame ndani kwa tochi. Ya chuma cha kutupwa inajaa kaboni ngumu na kutu mpaka njia inabaki ya kupitisha kidole kimoja. Hapo injini inakosa pumzi, joto linapanda, presha inaongezeka na kila maungio yanalazimishwa. Mafla mpya juu ya elbo iliyoziba itavuja, hakuna namna.

Ikwangue, igonge, ipitishe maji. Ikiwa ukuta wake umekuwa mwembamba au ina alama za kulia kutu kwa nje, weka mpya. Gaskiti iwe mpya kila ukifungua.

Na kama kwenye hatua ya 1 uligundua mdomo wa mafla umepigwa na moshi mkavu, fungua pampu uhesabu mabawa ya impela. Bawa likikosekana litafute, liko mbele kwenye bomba au kwenye kipozeo, na huko linaziba maji.

Hatua ya 6: Tayarisha kitako cha mafla

Mafla iliyojaa maji ni nzito na inatingishwa usiku kucha baharini. Usiilaze juu ya mwili wa boti hivi hivi. Tengeneza kitako cha plaiwudi, kifunike na faiba, kiungwe vizuri, na mikanda iishike bila kuiminya.

Iweke katikati ya boti juu ya mkuku (uti wa chini wa boti) kadiri inavyowezekana. Ikikaa pembeni, boti ikilala upande mmoja mafla inapanda juu kuliko kawaida, na maji yaliyomo yanatafuta njia ya kurudi kwenye injini. Boti ya mota haina shida hii, ya tanga inayo kila siku.

Onyo ambalo nimelisema na nitaendelea kulisema: tazama mdomo upi ni wa kuingilia na upi wa kutokea. Wa kutokea una bomba linaloshuka ndani mpaka karibu na sakafu, wa kuingilia hauna. Ukivigeuza moshi unapita juu ya maji bila kuyabeba, yanajaa, na injini inakunywa. Kwa nje mafla nyingi zinafanana pande zote, kwa hiyo tafuta mshale au maandishi, na kama hakuna, ingiza kijiti kwenye kila mdomo.

Hatua ya 7: Funga hosi

Kata hosi iwe sawa, ncha isiwe ya mshazari. Waya uliojitokeza upake silanti ili chumvi isiingie na kuuozesha kwa ndani.

Kama hosi haitaki kuingia, maji moto na sabuni. Kama inaingia kirahisi mno, ina maana saizi siyo, na hapo tafadhali usifunge ukanda wa tyubu ya baiskeli ili ijae. Unaona watu wanafanya na inashika siku ya kwanza, kisha tyubu inapikwa na joto inakuwa kama lami. Tafuta hosi ya saizi au kiunganishi cha kubadilisha saizi.

Silikoni kwenye maungio haihitajiki kama shingo ni safi na saizi ni sawa. Wengi wanaipaka kwa kuficha wasiwasi, baadaye hosi haitoki bila kukatwa.

Klipu mbili kila ncha, skrubu zitazame pande tofauti, zote zikae juu ya shingo na sio moja imevuka nje. Kaza mpaka raba ianze kuchungulia kidogo kwenye matundu ya mkanda, basi. Kukaza zaidi kunaikata hosi au kupasua shingo ya plastiki.

Hosi ndefu ishikwe na mikanda kila baada ya nafasi, uzito wake usibebwe na mafla.

Kabla ya kufunga hosi ya kutokea, mimina lita kadhaa za maji ndani ya mafla, karatasi kavu chini, uache nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, kizibo cha chini na mwili viko sawa, malizia kufunga.

Hatua ya 8: Jaribu

Toa kizibo cha mti tezi. Fungua valvu ya bahari. Mtu mmoja awashe, mwingine awe nyuma anatazama. Ndani ya nusu dakika hivi maji yaanze kutoka, na yatoke kwa mikupuo, puu, puu. Dakika ikipita bila maji, zima.

Injini ikikataa kuwaka, usikae unazungusha stata na valvu iko wazi. Pampu inazunguka inajaza mafla, lakini hakuna moshi wa kuyasukuma nje, na hivi ndivyo injini nyingi nzima zimekufa. Funga valvu, toa maji kwa kizibo cha chini, tafuta tatizo, na siku inawaka fungua valvu mara moja maana impela haivumilii kukauka.

Ikishawaka, ishike hosi mara baada ya elbo. Iwe ya vuguvugu au moto kidogo, lakini mkono ukae. Kama huwezi kuugusa, maji hayatoshi, zima.

Sasa itie gia ukiwa umefungwa kwenye gati au boya imara, panda taratibu mpaka mzigo wa safari, ikae dakika 20 au 30. Hapa ndipo maungio yanajitambulisha, bila mzigo kila mafla ni nzuri. Pita na karatasi tena, na unuse. Harufu ya moshi kabini hata kama hakuna tone la maji ni kuvuja.

Zima, ngoja kidogo, kisha fungua kizibo cha chini na upime lita. Linganisha na zile za hatua ya 3 na hesabu ya hatua ya 2. Zikiwa chini ya kimo cha mdomo wa kuingilia kwa nafasi nzuri umemaliza, zikikaribia mdomo, mafla ni ndogo hata kama haivuji.

Baada ya hapo

Kaza klipu tena injini ikiwa imepoa baada ya safari ya kwanza, raba inakaa sawa ikishapata joto. Fanya ukaguzi mmoja ukiwa baharini na boti imelala upande, kwanza kulia kisha kushoto, kwa sababu gatini hutaona hilo.

Wanaotoka Kilifi kwenda Lamu wakati wa kusi mawimbi yanawapiga tezi saa nzima nzima wakiwa wamezima injini. Kama gusneki yako ni fupi, maji yanasukumwa kutoka nje kurudi ndani mpaka mafla ijae bila wewe kuwasha kitu. Weka kifuniko cha raba kinachojifunga nje ya tundu, au valvu ndani yake, na kama ni valvu funga kikaratasi kwenye ufunguo wa injini kiandikwe FUNGUA EKZOSI, maana kuwasha ikiwa imefungwa kunafyatua hosi.

Ikitoboka mkiwa mbali, epoksi ya kukandwa juu ya chuma kilichokwanguliwa mpaka king'ae, kipande cha raba juu yake na klipu ndefu za kuzungusha mwili mzima, zitakufikisha bandarini kwa mwendo mdogo, madirisha yote wazi na mtu asilale ndani.